Pilipili Haina Hatia

Ndugu Mhariri,

Ile makala yenu ya ukurasa wa afya, yenye picha ya pilipili kichaa nyekundu iliyojaa nusu ukurasa, imenitoa kwenye ukimya wa miaka. Mmeandika kwamba wanaopata vidonda vya tumbo ni wala pilipili, wenye mawazo mengi na wanaochelewa kula. Bakteria mmemtaja mara moja tu, aya ya mwisho, kama mgeni aliyefika watu wameshanawa mikono.

Madaktari Robin Warren na Barry Marshall walimwotesha Helicobacter pylori, ndiye huyo bakteria wa vidonda vya tumbo, maabara huko Perth, Australia, mwaka 1982. Miaka miwili baadaye Marshall alikunywa mchanganyiko uliojaa bakteria hao, na siku chache tu utando wa tumbo lake ukawa umevimba. Hakunywa pilipili. Mwaka 1994 bakteria huyu akaingizwa rasmi kwenye orodha ya visababishi vya saratani ya tumbo, na 2005 mabwana hao wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Pilipili humwasha mtu ambaye kidonda anacho tayari, haikichimbi.

Mliuliza nani yuko hatarini. Jibu halianzii kwa mtu mzima mwenye mshikaki mkononi, linaanzia kwa mtoto. Wengi humpata bakteria huyu kabla ya kutimiza miaka 10, naye akishaingia hukaa maisha yote asipotibiwa, maana ana kimeng'enya kiitwacho ureasi kinachogeuza urea kuwa amonia na kuipoza asidi inayomzunguka. Wengi wao hawatasikia maumivu yoyote. Njia yake ni mdomo, na vyombo vyake ni mate, matapishi na kinyesi. Kwa hiyo hesabuni watu wanaolala chumba kimoja, msihesabu vijiko vya pilipili. Watoto wanne kitanda kimoja, mmoja anatapika usiku, aliyemfuta anakwenda kukoroga uji bila kugusa sabuni. Bibi anamtafunia mjukuu nyama ndipo amtie mdomoni. Kikombe kimoja kimekaa juu ya pipa la maji, kila apitaye anachota kwa mkono uleule aliotoka nao chooni. Choo cha shimo kimechimbwa jirani na kisima kifupi. Halafu kuna lile beseni la kunawia linalozungushwa kwenye shughuli: wa kwanza ananawa maji, wa kumi ananawa mchuzi. Maji ya kunawa yamiminwe kutoka kwenye jagi, na sabuni iwepo. Ya kunywa yatokote dakika nzima, yapoe humohumo yakiwa yamefunikwa, kisha yatolewe kwa koki au kata yenye mpini mrefu. Kuyachemsha halafu ukayamimina kwenye ndoo isiyooshwa ni kuchoma mkaa bure.

Mmesahau pia dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huchimba vidonda zenyewe, hata bakteria asipokuwepo, kwa sababu huzuia kemikali zinazolifanya tumbo litoe ute wa kujikinga. Mwenye bakteria akizimeza kila siku kwa ajili ya mgongo, amejiongezea hatari juu ya hatari. Na anayepata choo cheusi kama lami asisubiri makala, aende hospitali siku hiyohiyo.

Maadam nimeshashika kalamu, niseme na hili la vipimo. Hivi karibuni kaunta ya maabara alifika mama mmoja na karatasi tatu za miezi tofauti, zote zimeandikwa kwamba ana maambukizi, na zote ni za kile kipimo cha haraka cha damu. Ameuziwa dawa mara tatu! Kipimo kile hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupigana naye, nazo hubaki kwenye damu miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Kukitumia kujua kama mtu amepona ni kuona majivu ukaita zimamoto. Anayetaka jibu la kweli apime antijeni, yaani vipande vya bakteria mwenyewe, kwenye choo kikubwa, au apime kwa pumzi pale kipimo hicho kinapopatikana, na iwe si chini ya wiki 4 tangu amalize antibayotiki, omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi, nayo awe ameiacha wiki 2 kabla. Asipoiacha, bakteria hupungua hadi kipimo kisimwone, na karatasi ikamdanganya mgonjwa kwamba yuko salama. Dozi yenyewe ni siku 14. Kwa asiye na mzio wa penisilini, daktari anaweza kumwandikia amoksilini gramu 1 na klarithromaisini miligramu 500, kila moja mara 2 kwa siku, pamoja na omeprazoli asubuhi na jioni, nusu saa kabla ya kula. Pale klarithromaisini ilipogonga mwamba, hutumika bismathi, tetrasaiklini na metronidazoli. Madukani watu wanakatiwa dawa za siku 5 kwa kadiri ya pesa waliyo nayo, kiungulia kikitulia siku ya tatu zinazobaki zinawekwa kabatini. Na metronidazoli hiyohiyo imekuwa ikimezwa vidonge viwili vitatu kila tumbo linaponguruma, kisingizio amiba, mpaka bakteria ameizoea kama ugali. Mnaandika nini juu ya hayo? Kurasa mbili baada ya makala yenu pana tangazo la unga wa mizizi unaong'oa vidonda kwa siku 7. Makala na tangazo vimekubaliana jambo moja: hakuna aliyetaja sabuni.

Ombi langu ni dogo. Toleo lijalo, nafasi ileile ya pilipili na ukubwa uleule, wekeni picha ya ndoo ya lita 20 yenye koki chini na kifuniko juu, na kipande cha sabuni kimefungwa kwenye neti kando yake. Maneno chini ya picha yasizidi mstari mmoja. Na zile pilipili zilizopigwa picha, mpeni mpiga picha azilie ugali.

Mteknolojia wa maabara,
Morogoro