Mabango yasizibe njia ya waenda kwa miguu

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mabango ya biashara yanayosimikwa kwenye njia za waenda kwa miguu jijini Dar es Salaam. Mfanyabiashara ana haki ya kujitangaza, hilo silipingi. Tatizo ni mahali bango linapokaa.

Asiyeona hupapasa njia kwa fimbo nyeupe, tena chini. Bango la bati lililofungwa kwenye nguzo usawa wa kichwa, fimbo hupita chini yake bila kuligusa, na ukingo wa bati humpata usoni. Mwenye kiti cha magurudumu naye, akikuta kibao cha “Chipsi Kuku” katikati ya njia, hulazimika kushuka barabarani kugombea nafasi na bodaboda (ambazo, kusema kweli, nazo hupanda njia hiyo hiyo). Haya yanatokea ilhali Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010.

Napendekeza halmashauri, kabla ya kutoa kibali, ipime upana unaobaki: viti viwili vya magurudumu viweze kupishana. Mabango ya kuning’inia yapite kimo cha mtu, na vibao vya chini viegemee ukuta wa duka. Anayekaidi, bango liondolewe kwa gharama zake.

Msomaji,
Dar es Salaam