Kwa Mwanaisha, kuhusu Hamadi

Wete, Pemba

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Unaniuliza iweje mdogo wako Hamadi asikie sauti na kuwatuhumu majirani, hali hakufiwa, hakuachwa wala hakufukuzwa kazi. Nyumba nzima inatafuta msiba. Mimi nesi nakwambia msiba si lazima uwepo.

Wanasaikolojia Joseph Zubin na Bonnie Spring waliandika mwaka 1977 kwamba kila mtu ana kiwango chake: aliye na wepesi mkubwa wa kuugua hutoshwa na shida ndogo. Kisha mtafiti Inez Myin-Germeys na wenzake huko Maastricht, Uholanzi, wakawapa watu saa za mkononi zinazolia mara kadhaa kwa siku. Kila ikilia, mtu anaandika yuko wapi, anafanya nini, moyo wake ukoje. Matokeo yalitoka 2001: waliowahi kuugua saikosisi, yaani hali kama hii ya Hamadi ya kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, walitibuliwa zaidi na vikero vya kawaida, kama kazi ngumu au mtu usiyependa kukaa naye. Ndugu zao wa damu, wazima kabisa, wakawa katikati: chini ya wagonjwa, juu ya watu wengine.

Hapo nilikukumbuka wewe, uliyekuwa hushikiki siku za mitihani skuli! Usitishike lakini. Kwa skizofrenia, ugonjwa wa akili wenye saikosisi ndani yake, takriban ndugu tisa katika kumi wa mgonjwa hawaipati.

Inavyodhaniwa, mfadhaiko wa mara kwa mara huufanya ubongo utoe dopamini, kemikali yake ya kupeleka ujumbe, kupita kiasi, na kitu kisicho na uzito kikapewa uzito. Jirani akikohoa, Hamadi anaona ametumiwa ujumbe.

Kwa hiyo linalonishughulisha ni baraza lenu. Mjomba anamwita mvivu mbele za watu, bi mkubwa anamlilia na kumfuata hadi chooni. Mtafiti George Brown na wenzake waliona London kwamba wagonjwa waliorudi kwenye nyumba za lawama na kuingiliwa sana waliugua tena zaidi kuliko wengine. Huyo mjomba, mimi ningemtafutia safari.

Kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa na kuoshwa, anywe, sina ugomvi nalo, na kisomo kikimtuliza kisomwe. Dawa alizopewa hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu asiziache hata akijiona mzima. Bangi hapana kabisa. Na usingizi: Ramadhani hiyo yaja, msimkeshe, na mwulizeni daktari kuhusu kufunga kabla ya mwezi kuandama.

Akikuhadithia sauti, usibishane naye wala usimkubalie. Muulize tu kama zinamtisha, kisha nijibu alivyosema.

Shoga yako,
Time