Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mradi wa Bajaji ya Haidrojeni, Dar es Salaam

Ndugu Wanachama,

Mafunzo kwa vijana yamefanyika, semina ya usalama wa gesi imefanyika, karakana ya Mikocheni imeezekwa upya. Hayo mnayajua. Makusanyo pamoja na michango ya hiari ni shilingi 6,400,000, matumizi 5,900,000, wanachama 41, waliolipa ada 17. Mchanganuo anao Mweka Hazina.

Niingie kwenye lililotuchosha: kununua blowa (kipulizia hewa) na mita ya hewa badala ya rundo la pili la seli, zile zinazogeuza haidrojeni na oksijeni ya hewani kuwa umeme. Kwenye kundi la WhatsApp yamesemwa mengi, mengine bila adabu, eti Mwenyekiti anapenda kompyuta kuliko bajaji. Uamuzi huo niliusimamia mimi, na hesabu yake ni hii.

Rundo letu lina seli 48. Kwa ampea 30, kila seli ikiwa na volti 0.65, tunapata wati 936. Hapo linatumia oksijeni lita 5.5 hivi kwa dakika, yaani lita 26 za hewa. Tunapeleka maradufu, lita 52, ili hata mwishoni mwa vijia vya hewa ndani ya seli oksijeni isiishe. Sasa dereva akivuta moto ghafla, ampea hupanda papo hapo, lakini blowa inahitaji muda kushika kasi na mabomba kujaa. Katika pengo hilo uwiano wa hewa inayopelekwa kwa ile inayotumika hushuka kutoka 2 kuelekea 1. Oksijeni ikikosekana, volti huanguka, seli dhaifu hugeuka hasi, joto hujikusanya sehemu moja, na utando unaotenganisha haidrojeni na hewa ndani ya seli hutoboka. Rundo la pili lingekufa kifo hicho hicho, na kwa bei kubwa zaidi.

Wapo waliosema blowa ya zamani ikimbizwe tu kwa nguvu zote. Blowa inakula umeme wa rundo hilo hilo! Ukiikimbiza ghafla, nguvu inayofika kwenye mota ya bajaji hupungua kwanza ndipo iongezeke. Kidhibiti, yaani kifaa kinachoongoza mfumo, kikiona imepungua kinaongeza tena, na mfumo mzima unayumba. Tulichofanya ni kuweka jedwali linalopanga mwendo wa blowa moja kwa moja kutokana na ampea zinazoombwa, kisha mita ya hewa inasahihisha kidogo kidogo. Ampea za rundo zimewekewa ukomo wa kasi ya kupanda, na betri inabeba pengo. Blowa ikifika mwisho wa uwezo wake, kidhibiti kinaacha kulimbikiza makosa, yaani tofauti kati ya hewa inayotakiwa na inayopatikana, la sivyo kitachelewa kurudi chini mzigo ukipungua. Bila mita ya hewa, yote hayo ni kubahatisha.

Kuhusu rejeta ya pikipiki iliyopendekezwa kupoza rundo: maji ya rundo ni nyuzi 65, hewa ya Dar mchana 32, tofauti 33. Injini ya kawaida maji yake ni kama 90, tofauti 58, na bado joto jingi hutoka kupitia ekzosi. Kwa tofauti yetu ndogo, rejeta hiyo haitoshi. Vilevile chujio la vumbi peke yake halizuii gesi ya salfa ya moshi wa magari, ambayo hung'ang'ania platinamu, kichocheo kilichomo ndani ya seli. Linatakiwa lenye mkaa.

Na aliyeshusha sensa ya haidrojeni karibu na sakafu airudishe darini. Gesi hii hupanda, na huanza kuweza kuwaka ikifika asilimia 4 hewani. King'ora chetu kimewekwa kwenye 1.

Mahudhurio yanasikitisha. Kikao kilichopitisha blowa kilitimiza akidi kwa taabu, na wengi wa wanaolalamika leo hawakuwemo. Wanachama 24 wanadaiwa ada, wakiwemo wanaouliza fedha zimekwenda wapi.

Mwakani tunatarajia, hali ikiruhusu, bajaji itoke nje ya geti, na Mungu akipenda tupate mfadhili wa mtungi mkubwa. Wanaodaiwa wamwone Mweka Hazina kabla ya chai.

Mwenyekiti