Mwanangu, paa ni la nani?

Mwanangu,

Picha zimefika, zote kumi na moja. Dada yako alinifungulia moja baada ya nyingine, tukazitazama mpaka simu ikaisha chaji. Jirani naye nimemwonyesha, nadhani mara tatu, maana safari ya mwisho aliniambia, "Hii nimeshaiona, mama." Fleti unayotaka kununua ni nzuri. Nalisema mapema ili usije ukaenda kusema mama hakufurahi.

Sasa nijibu: paa ni la nani?

Umeniandikia vyumba vitatu, ghorofa ya nane, madirisha ya vioo viwili, maji ya moto kwa pampu ya joto, sola juu ya paa, na "bili ya umeme karibu na sifuri." Hayo maneno ya mwisho si yako, ni ya dalali. Wewe tangu mdogo hukuwa mtu wa "karibu na"; wewe ulikuwa mtu wa namba. Mimi miaka 22 nimesoma mita za watu, mlango kwa mlango, mbwa kwa mbwa, na sifuri sikuwahi kuikuta kwenye nyumba yenye watu ndani. Niliikuta kwenye nyumba iliyofungwa, au kwenye mita iliyochezewa.

Kaa tuhesabu. Ghorofa kumi, fleti sita kila ghorofa, jumla sitini. Paa umesema ni kama mita za mraba 400. Toa matangi, toa chumba cha mashine ya lifti, toa njia za mafundi kupita. Zikibaki mita 200 zenye jua safi, shukuru. Kilowati moja ya paneli za siku hizi inataka kama mita tano za mraba, kwa hiyo hapo pana kilowati 40. Penye jua la kutosha, kila kilowati hutoa uniti nne hivi kwa siku. Hizo ni uniti 160. Gawa kwa sitini, hazifiki hata tatu kwa kila mlango. Friji, feni na pasi ya mkeo zimeshazimaliza, na hapo lifti haijapanda, pampu haijasukuma maji mpaka ghorofa ya nane, taa za ngazi hazijawaka. Nimeingia kwenye majengo ambayo sola yote inaishia kwenye mita ya pamoja, hiyo ya lifti na pampu, na hakuna waya hata mmoja unaoshuka kwenye fleti za watu. Si wizi huo. Inapunguza ada mnayochanga kila mwezi. Lakini sicho ulichoambiwa wewe. Mwulize dalali, sifuri hiyo iko kwenye mita ipi? Kisha mwambie akuonyeshe mita yenyewe, si kijitabu chake cha picha.

Na umeme ukikatika? Umemwambia dada yako kwamba kule mtakuwa na mwanga hata mtaa mzima ukiwa giza. Nani kakwambia? Sola iliyoungwa na gridi, yaani nyaya za umeme wa mtaa, kama haina betri na swichi ya kuitenga, hujizima yenyewe gridi inapozimika, hata kama ni saa sita mchana na jua linachoma. Imetengenezwa hivyo makusudi, isije ikarudisha umeme kwenye waya huku fundi yuko juu ya nguzo. Kwa hiyo uliza kama betri zipo, zinabeba nini na kwa saa ngapi. Lifti imo? Baba yako kwa goti lile ghorofa nane hazipandi, na mimi sitaki kuja kumtembelea mjukuu kwa kupumzika kila ngazi ya tatu.

Lakini hata hilo bado ni dogo. Turudi kwenye paa.

Ukinunua fleti unanunua nafasi iliyo kati ya kuta zako, pamoja na fungu lako katika vitu vya wote: ngazi, korido, lifti, mara nyingi na paa. Mara nyingi, baba, si mara zote. Wapo wajenzi wanaobaki na paa mkononi, wakampangisha mwenye kampuni ya sola, naye akawauzia wakazi umeme kwa mkataba wa miaka 15 au 20. Hapo paneli si zenu na bei si yenu ya kupanga; siku mkigombana naye, yuko juu ya vichwa vyenu kihalali. Na kama paa ni lenu kweli, basi na uchakavu wake ni wenu. Paneli zenyewe ni vumilivu, nyingi huja na dhamana ya miaka 25 na hupungua nguvu kidogo kidogo. Inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, ndiyo huchoka mapema, miaka kumi, kumi na mitano. Wakati huo mwanao yuko darasa la ngapi? Mfuko wa akiba wa jengo una kitu, au mtaanza kuchangishana kwenye ngazi, huyu ana hela, yule hana, wa tatu amehama?

Kwa hiyo karatasi ya paa uione kwa macho yako kabla hujasaini Alhamisi. Usikubali "wakazi wote wanajua."

Najua unachofikiria ukisoma hapa. Unafikiria kisima. Sitakirudia, ndoo ulizibeba wewe.

Upande wa cheti nao hujanieleza vizuri. Umesema jengo lina "A." A ya nani? Friji uliyotuletea ina kibandiko cha herufi, na wewe mwenyewe ulinifafanulia kwamba Ulaya mwaka 2021 walipanga upya herufi zile, friji iliyolala A+++ ikaamka imeshuka hatua kadhaa, na ni friji ileile. Na majengo ni vivyo hivyo, herufi bila kipimo chake haina maana. Kama wamekuambia ni EDGE, cheti cha majengo cha IFC, shirika la Benki ya Dunia, jengo linatakiwa kuokoa angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na kiasi hichohicho upande wa utengenezaji wa vifaa vya ujenzi. Lakini cheti cha awali hutolewa jengo likiwa bado michoro. Cha mwisho huja likishasimama na kukaguliwa. Dada yako kakuza ile picha ya cheti, tumeona tarehe iko juu, na chini kuna neno dogo ambalo halisomeki. Kalisome. Usinicheke, jicho langu limezoea kuangalia chini ya kioo cha mita.

Mazuri nayaona pia, sijawa kipofu. Pampu ya joto ni kitu cha maana. Haichemshi maji kwa waya kama hita yetu hii; inavuta joto lililo hewani na kulisukumia kwenye maji, kama friji iliyogeuzwa mgongo, na kwa uniti moja ya umeme unapata joto la uniti tatu hivi. Maji ya moto ndiyo yaliyokuwa yanakimbiza mita za watu, nimeona kwa macho yangu, kwa hiyo hapo hujadanganywa. Angalia tu mashine yake imewekwa wapi, isije ikanguruma chini ya dirisha la chumba cha mtoto. Vioo viwili navyo ni vizuri. Ila nyumba iliyozibwa hivyo lazima iwe na njia ya kuingiza hewa safi, la sivyo ukungu utaanzia nyuma ya kabati, na mkwe wangu kifua chake unakijua.

Ile picha ya sebuleni, jua limelala sakafuni mpaka limefika kwenye kochi, na saa ya ukutani inaonyesha saa kumi. Dirisha hilo linatazama magharibi. Picha hiyo ni ya dalali, wewe amekupeleka asubuhi, sivyo? Rudi saa tisa alasiri, kaa hapo nusu saa bila kuwasha kiyoyozi. Pazia halitakusaidia sana, kwa sababu likizuia jua, joto limeshavuka kioo. Kivuli kinawekwa nje. Uliza kama mnaruhusiwa kufunga kizuizi cha jua kwa nje, maana majengo mengine yanakataza kugusa sura ya mbele.

Na hilo jua linafika kwenye kochi kwa kuwa kiwanja cha pili ni kitupu. Kwenye kijitabu wamekipaka kijani na kuchora watoto wanacheza mpira. Kiwanja ni cha nani? Kinaruhusiwa ghorofa ngapi? Hilo si siri, liko kwenye ofisi ya mipango miji, unaenda na kuuliza. Wakisimamisha kumi na tano, sebule yako itapoa, sawa, lakini alasiri yote kivuli kitakuwa juu ya paneli. Na paneli zilizofungwa mfululizo, moja ikiingia kivulini inaweza kuwashusha na wenzake, kama hazikuwekewa vifaa vya kuzitenganisha. Halafu mtamlalamikia nani? Ndiyo nakuuliza, paa ni la nani, na mwenye paa ana haki gani juu ya jua la jirani yake?

Mtaa wenyewe umeuandikia mistari miwili. "Umetulia, mama, una miti." Umetulia saa ngapi? Nenda usiku. Nenda siku ya mvua kubwa, simama getini uone maji yanaelekea wapi. Tembea kwa miguu mpaka shule, mpaka zahanati, mpaka kituo cha basi, na mtoto mkononi, si kwa gari la dalali. Fleti inayookoa umeme ukaja kuchoma mafuta kila siku kwa kufuata dawa na daftari, hesabu yake siijui itakavyokaa. Sikiliza majenereta ya majirani. Muulize mlinzi, si meneja, maji yalikatika lini mara ya mwisho.

Unaona nimeandika mengi. Ulipopiga simu Jumapili ulizungumza na dada yako nusu saa, mimi ukanipa dakika mbili na "nitakutumia picha." Habari ya malipo ya awali nimeisikia kwake. Sikuulizwa, na si lazima niulizwe, hela ni jasho lako, sisi hatukukuchangia hata msumari. Katika ukoo huu hakuna aliyewahi kununua kitu cha ghorofa ya nane. Nimemwambia hivyo jirani. Nimemwambia na mwenye duka.

Hapa nyumbani si kubaya. Mpira wa mlango wa friji umelegea, nimeubana kwa karatasi, ukija uje na mwingine, kipimo kipo kwa dada yako. Cherehani imepona. Mfereji wa paa umeziba majani tena. Bomba la uani linavuja, na baba yako analifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, hataki kusikia neno fundi. Ukizungumza naye kuhusu bomba usimcheke. Yeye na mambo ya maji, tangu wakati ule, hataki mtu amwonyeshe. Na siku ya kusaini ile nyumba hakuwepo, sijui kama tuliwahi kukuambia. Alikuwa mbali kikazi, nikaona nisimsubiri, arudi akute funguo mezani. Karatasi zilisomwa mbele yangu mimi. Mstari wa kisima ulikuwemo, ukurasa wa nyuma, na niliuona. Wanaume watatu walikuwa wameshatoa kalamu, nikasema nitauliza tukitoka nje. Kwa hiyo ule mwaka ambao ulikuwa humsalimii baba yako, basi. Kumbe na koki yenyewe inataka kubadilishwa, si bomba tu.

Nitumie mkataba. Siyo picha za sebule tena, mkataba, kurasa zote, za mbele na za nyuma, hata zilizo tupu. Nina miwani mpya. Wakikuambia hauruhusiwi kutoka ofisini kabla ya kusaini, inuka uondoke, hata kama ni Alhamisi, hata kama kuna wengine wanaoitaka fleti hiyohiyo. Wakati wangu pia walisema kuna wengine.

Msalimie mkwe wangu, mwambie zile nguo za mtoto nimepokea. Mtoto mbusu.

Ukipiga simu, anza na mimi.

Mama yako

Nimesahau: baba yako ameiomba barua hii aisome kabla haijaondoka, nikampa. Kuhusu bomba hakusema kitu. Ameuliza tu kama ngazi ya kwenda juu ya paa ina mahali pa kushika, maana akija anataka kupanda akaone mwenyewe.