Mũthoni, niangalizie majina kabla ya chapa

Kwako Mũthoni,

Salamu nyingi kutoka Kibokoni. U hali gani, na watoto je? Sisi hatujambo. Mama akusalimu sana, asema mkate wa sinia hautajifundisha wenyewe, uje. Najua nimekaa kimya tangu Idi. Ni hii kazi ya kukipanga kitabu cha Maalim, na ndiyo inayonifanya nikuandikie usiku huu. Mchapaji ameshaanza kuuliza faili, nami sitalitoa mpaka jicho lako lipite juu yake.

Zile tenzi za babu yake wazikumbuka. Tenzi zenyewe hazina taabu, kwani Kiswahili chetu chatosheka na herufi za kawaida. Taabu iko kwenye utangulizi na maelezo ya chini. Maalim anataka kila jina la Kiarabu liandikwe kama wanavyoliandika wasomi: Ṣāliḥ na nukta zake mbili za chini na mstari juu ya a, al-Ḥaḍramī, ʿUmar na ʿayn yake, ile alama ndogo ya mwanzo. Kisha kwenye shukrani wamo watu wa kwenu waliomhifadhia karatasi miaka yote ile, na majina yao yana ĩ na ũ. Kuyaandika bila alama ni kuyaandika makosa.

Sasa kuna fonti moja aliyoipenda. Nzuri kweli, sikatai. Lakini aliyeichora aliwafikiria watu wa Ulaya Magharibi peke yao: é imo, ñ imo, ü imo, ila ũ hakuna, ḥ hakuna, hata ā hakuna. Nakala ya majaribio ilikuja na kijisanduku kitupu katikati ya jina la babu mwenyewe. Maalim aliishika ile karatasi akanyamaza, na kimya chake unakijua.

Kijisanduku mimi sikiogopi, kwa sababu chaonekana. Naogopa kile kinachopita kimya. Word ikikosa herufi kwenye fonti uliyochagua, huiazima kwingine bila kukwambia neno. Jina huonekana limekamilika, mpaka uikaribie karatasi ndipo uone ile ṣ imenenepa kuliko wenzake. TeX nayo, programu ninayopangia kurasa, kwa ilivyoundwa na Donald Knuth, herufi isiyokuwemo huiruka tu na kuandika onyo ndani ya faili la logi, lile la kumbukumbu za kazi. Nani asomaye logi? Ukurasa watoka msafi, na Ṣāliḥ amebaki "li". Ndiyo maana nimeweka amri \tracinglostchars=3, ambayo tangu TeX Live (mkusanyo wa TeX) ya 2021 hulifanya onyo hilo kuwa kosa kamili. Kazi inasimama, nami naona ni herufi gani. Nakuomba nawe uiweke katika kazi zako zote, hata zile usizozishuku.

Tena kuna jambo la pili lililojificha ndani ya hilo. Maandishi ya Maalim yamepita kwenye kompyuta za watu wengi. Mahali pengine ḥ ni herufi moja, U+1E25 ya Yunikodi (ile orodha inayoipa kila herufi namba yake), na pengine ni h ya kawaida iliyofuatwa na nukta yake peke yake, U+0323. Kwa macho ni kitu kimoja. Lakini ukimtafuta Ḥusayn kwenye faili wampata nusu, na kwenye faharasa yuaingia mara mbili kana kwamba ni watu wawili. Nimeyapitisha yote kwenye NFC, ile njia ya kuziunganisha alama na herufi zake. Sasa kila ḥ ni moja, ĩ zote ni U+0129 na ũ zote ni U+0169. Hapo moyo ulitulia kidogo.

Kuna kijana mmoja huku aliyenishauri niivute nukta kwa mkono niiweke chini ya h. Mwingine akasema niziondoe alama zote, watu wataelewa tu. Mũthoni, hilo liliniuma. Hata Ngũgĩ wa Thiong'o, jina linalojulikana dunia nzima, mara ngapi tumeliona limevuliwa alama zake? Nukta ya kuchora nayo, mistari ikisogea, yabaki pale ilipokuwa na jina limeshahama. Na mtu akinakili jina kutoka kwenye PDF, nukta haiji nalo.

Nimejaribu fonti ya Gentium, ile ya SIL, shirika la mambo ya lugha. Herufi zote tunazozitaka zimo, za Kiarabu cha wasomi na za kwenu, ni ya bure, na leseni yake yaruhusu kuchapa kitabu cha kuuza. Charis nayo ingefaa, ila ni nzito kidogo kwa beti. Maalim asema Gentium ni ya vitabu vya shule. Nikamwambia basi fonti yake tuiweke kwenye jalada, maana jina la kitabu ni la Kiswahili na halina alama, ndani tutumie Gentium. Hajakubali wala hajakataa. Wewe huwa anakusikiliza, tangu kile kitabu cha kwanza. Mpigie, tafadhali, baada ya Isha ndipo huwa na nafasi.

Na lile kubwa ninalokuombea. Nimekutumia kurasa za shukrani peke yake. Maalim, kwa mapenzi, ametia kiwimbi juu ya kila i na kila u aliyokutana nayo. Je, ni Wanjikũ au Wanjĩkũ? Gĩtaũ yuko sawa? Gatũndũ je, mahali alipozaliwa yule mzee? Waweza kuwauliza wenyewe, wale walio hai, wanavyoyaandika majina yao? PDF ukiifungua kwa simu yako ya zamani, zile nukta waziona zote? Na faili lipite kwanza kwa yule rafiki yako wa River Road, au lisitoke mkononi mwako?

Nijibu upesi, hata kwa maneno mawili.

Wako,
Mwanaisha