Kamgahawa ka mboga kule Takayama

Shosti wangu,

Habari za Lushoto? Mama hajambo? Mi mzima kabisa, nilitaka nikutumie voisi ila hii habari ni ndefu nikaona bora nikae niandike, maana tangu uniambie unataka kufungua mgahawa hapo karibu na stendi ambapo wageni wa milimani wanashukia, sijaacha kukuwaza, na wiki iliyopita nimekula mahali nikasema laiti ungekuwepo.

Nilienda Takayama, mji mdogo wa milimani mkoa wa Gifu huku Japani, treni kutoka Nagoya ni kama masaa mawili na nusu. Ukishuka tu kila kona wanauza nyama ya ng'ombe wa Hida, ndo sifa ya huko, na mi unanijua, nyama nisiyojua kachinja nani siigusi. Siku ya kwanza niliingia sehemu nikaomba tambi na mboga tu, zikaja kweli na mboga, nimeshakula nusu bakuli ndo naambiwa supu yake ni mifupa ya nguruwe. Shosti nililia. Usiku huo nililala na ndizi mbili.

Asubuhi nikashuka soko la Miyagawa, liko pembeni ya mto, wamama wanauza mboga za shambani kwao, nikamwonyesha mmoja simu nimeandika sili nguruwe wala pombe, akaacha meza yake akanipeleka mwenyewe hadi uchochoroni. Kamgahawa kana viti nane! Mama anapika, mumewe anaosha vyombo, na kila chakula kina kikadi kimechorwa samaki, yai, ngano, chupa ya pombe, kilichomo kimezungushiwa duara. Nikamuuliza kwa simu mbona samaki wakati ni mboga tupu, akaniambia karibu kila mchuzi wa Kijapani unaanza na supu ya samaki mkavu jamii ya jodari, anaparuzwa mwembamba kama karatasi, kwahiyo mgeni asiyekula samaki anaweza kuletewa boga la kuchemsha akadhani yuko salama kumbe siyo. Yeye supu yake anatumia mwani, sio kama ule wa Zanzibar, huu mpana mgumu kama mkanda, anauloweka na uyoga mkavu usiku kucha kwenye maji baridi. Na chupa ya mirin, ile pombe tamu ya kupikia, aliishusha kwenye meza ya jiko akaiweka chini mbele ya macho yangu kabla hajaanza kunipikia. Hajasema neno. Nilisikia amani sijui nikwambieje.

Sasa chakula chenyewe. Analeta kajiko kadogo ka mkaa hivi, juu yake jani kavu kubwa la mti wa ho, wanaokota yakidondoka msimu wa vuli wanayatunza mwaka mzima, analilowesha kwanza lisiungue, juu ya jani ni miso, yaani soya iliyochachushwa na chumvi, na vitunguu majani na uyoga. Inatokota taratibu pembeni inaanza kukauka na lile jani linanukia moshi, unachota kidogo unaweka kwenye wali wa moto. Hicho tu. Nilimaliza bakuli la wali nikaongezwa.

Na kulikuwa na vichipukizi vya kangaga, vile vinavyojikunja kama konokono, ni vichungu hatari kwahiyo anavilaza kwenye maji ya moto na majivu mpaka uchungu utoke, nikamwambia kwetu na sisi tuna magadi, akacheka akamwita mumewe aje asikie. Achari ya kabu jekundu, ile mboga ya mzizi ya duara, ndo usiseme. Huko theluji inafunga kila kitu, zamani achari ikiganda au ikizidi ukali wanaikaanga, siku hizi wanaiweka kwenye chuma cha moto na yai juu, imekuwa chakula maarufu cha mji mzima!

Kwahiyo shosti nakuomba, usianze na chipsi na piza eti kwa sababu ni wazungu. Mle ndani walikuwepo Wafaransa wawili na mwanadada wa Australia, na wote wamemfuata yule mama kwa kabu na kangaga. Wewe una kisamvu, una mboga za Lushoto zimechumwa asubuhi, na mama yako anapika mlenda sijaona mfano wake. Anza na viti nane. Ila vikadi fanya, andika karanga, maziwa, samaki, dagaa usiwasahau, mtu alijue lake kabla hajaweka mdomoni.

Nimebeba majani mawili ya ho, alinipa yeye mwenyewe kwenye bahasha, moja limepasuka pembeni lakini linafaa. Nikija Desemba tutatafuta kajiko ka mkaa tujaribu kwako, miso nakuja nayo. Nisalimie mama, mwambie sijasahau deni la kitenge.

Wako wa siku zote