Kabla hujatuma makala BCICTS

Nairobi

Mwanaisha rafiki yangu,

Salamu nyingi, na wasalimie wote hapo Mombasa. Rasimu yako nimeisoma. Saketi yenyewe sina neno nayo. Ninachokuomba ni kwamba usiitume BCICTS, ule mkutano wa saketi za semikonda, mpaka ile amplifaya ya chipu ya galiamu naitraidi ipimwe upya hapa Nairobi, kwa sababu ule ufanisi wa asilimia 40 unatia shaka.

Piga hesabu. Dreni, mguu wa transista unaopokea umeme wa kazi, inakula volti 28 na ampea 0.9, yaani wati 25.2. Ukiingiza wati 1 ya mawimbi ya redio ukatoa wati 10, unagawa zile wati 9 zilizoongezeka kwa 25.2 na kupata karibu asilimia 36. Sasa ukihesabu upotevu wa kebo na atenyueta (kifaa cha kupunguza nguvu kabla ya mita) kwa nusu desibeli ya ziada, zile wati 10 zitasomeka 11.2, na ufanisi utaruka hadi 40. Mhakiki wa fani hii huanza na namba hiyo hata kabla ya kusoma utangulizi. Kwa hiyo pima kebo na atenyueta zikiwa zimeunganishwa, kwenye masafa yale yale ya kazi. Usiamini desibeli zilizochapwa kwenye kifaa. Atenyueta ya desibeli 30 iwe ya kuhimili wati 20. Ile ndogo ya wati 2 hupata moto, thamani yake ikahama, kisha ikaungua na mita ya nguvu ikafuata. Viungio vya milimita 3.5 kaza kwa spana ya toki, nyutoni-mita 0.9. Vidole havitoshi.

Kuwasha kuna mpangilio wake, na hapo hakuna mkato. Mawimbi yakiwa yamezimwa, peleka geti, mguu unaodhibiti mkondo, kwenye volti hasi 5. Kisha washa dreni, volti 28, ukiwa umefunga mkondo usizidi ampea 0.2, mita isome karibu sifuri. Pandisha geti taratibu kuelekea sifuri mpaka dreni ifike miliampea 100, ongeza kikomo cha mkondo hadi ampea 1.2, ndipo uingize mawimbi, desibeli moja moja. Kuzima ni kinyume chake: mawimbi, geti irudi hasi 5, dreni, na geti mwisho kabisa. Transista hii hupitisha mkondo wote geti ikiwa sifuri, kwa hiyo dreni ikitangulia, chipu imekwenda.

Na stima ikipotea ghafla? Pawa saplai ya dreni ina kapasita kubwa, inabaki na chaji wakati ile ya geti imeshakufa. Weka rilei, swichi inayojiendesha kwa umeme, ya kukata dreni mara tu volti hasi inapopotea. UPS peke yake haitoshi, maana hata waya wa geti unaweza kuchomoka.

Ukiona mkondo wa dreni unaruka bila mawimbi kuingia, au unabadilika ukisogeza mkono karibu na kasha, amplifaya inajitetemesha, yaani inazalisha mawimbi yake yenyewe. Dawa yake: kapasita ya pikofaradi 100 ikae ndani ya milimita moja kutoka chipu, ifuatwe na ya mikrofaradi 0.1, halafu 10. Nyaya za dhahabu ziwe fupi: kila milimita ni karibu nanohenri moja.

Suala la joto lina mtego. Nairobi tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na uzito wa hewa yetu ni asilimia 80 na kitu tu ya ile ya pwani, kwa hiyo feni ile ile inapoza pungufu kuliko huko. Chumba nacho kina ubaridi, basi mtu anadhani yuko salama. Usiandike joto la chumba. Bandika thamokapo (kipima joto cha waya) kwenye bati lililo chini ya chipu, uandike hilo, na useme wazi kama mawimbi yalikuwa ya mapigo au ya mfululizo.

Jedwali la kulinganisha amplifaya yako na za wengine nalo lipanue. Mkutano huu ulianza 1979 ukihusu semikonda ya galiamu asenaidi, na mwaka 2018 ukaungana na ule wa aina nyingine za transista, baipola na BiCMOS. Makala yako yanaweza kumwangukia mhakiki aliyezoea semikonda nyingine, silikoni-jemaniamu, asiyejua volti 28 zimetoka wapi. Picha ya chipu iwe na vipimo vyake kwa milimita.

Ukija na SGR, chipu za akiba zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya kisanduku chao cha kuzuia umeme tuli. Na kibano usiguse nacho uso wa chipu, shika kingo. Yale madaraja ya hewa, vijiwaya vinavyoning'inia juu ya uso wake, huporomoka kwa mguso mmoja. Niambie tarehe mapema nikuwekee meza.

Wako,
Kamau